Kasubi au Lubiri? Siku Moja ya Ruhusa, Makao Mawili ya Kabaka

Askari anapopata ruhusa ya siku moja mjini Kampala, naye yuko pamoja na mkewe na watoto waliokuja kambini kwa likizo ya shule, mara nyingi siku hiyo huishia sokoni. Viatu hununuliwa, soda hunywewa, mtoto mdogo hulia akitaka puto, na jioni jamaa hurudi imechoka bila ya kuwa na neno la kusimulia. Si vibaya kununua viatu. Lakini mji huu umejengwa juu ya vilima, na juu ya vilima hivyo historia ya nchi imekaa wazi mbele ya macho, na nauli ya kufika huko haipiti sana nauli ya kufika sokoni. Katika kurasa hizi za nyumbani tumezoea kuzungumza juu ya mapishi, ushonaji na malezi ya watoto wachanga. Leo, ndugu msomaji, na tuzungumze juu ya matembezi, kwani matembezi nayo ni sehemu ya malezi.

Makao mawili ya kifalme yamo ndani ya Kampala na yamefunguliwa kwa wageni. Ya kwanza ni Kasubi, mahali walipozikwa Makabaka wanne, ambapo wenyewe Waganda hupaita Amasiro. Ya pili ni Lubiri ya Mengo, ikulu yenye jumba la Twekobe. Atakayetazama ramani atasema kwamba vilima hivi viwili viko karibu, basi kwa nini jamaa isiende kote kuwili kwa siku moja? Miguu inaweza, hilo sikatai. Lakini Kasubi ni mahali pa kuketi chini na kusikiliza, na mtu hawezi kuketi vizuri huku akitazama saa. Na Lubiri, kwa atakayetembezwa hadi mwisho wake, ni mahali ambapo mtu akitoka huwa hana hamu ya kwenda kutazama kitu kingine chochote. Afadhali kuchagua.

Kasubi iko kilomita tano hivi kutoka katikati ya mji, upande wa kaskazini-magharibi, na teksi za barabara ya Hoima hupita chini ya kilima chake. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake hapo mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo humo. Jambo hili lilikuwa geni. Kabla yake, taya la Kabaka marehemu lilitengwa na mwili wake na kuhifadhiwa katika nyumba yake ya peke yake, na kila Kabaka alikuwa na mahali pake. Muteesa alizikwa mwili mzima, na Makabaka watatu waliomfuata wakaletwa mahali hapo hapo: Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1903 na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910; Daudi Chwa wa Pili, aliyefariki mwaka 1939; na Edward Muteesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969. Hivyo kati ya wafalme wanne, wawili walikufa wakiwa mbali na nchi yao. Mtoto wa askari ambaye baba yake hulala miezi mingi ng'ambo ya mpaka atalifahamu jambo hilo upesi kuliko mtoto mwingine.

Mgeni huingia kwa kupitia nyumba ya lango iitwayo Bujjabukula, iliyoezekwa kwa nyasi. Ndani ya ua wa kwanza iko nyumba ya ngoma za kifalme. Kisha hufunguka uwanja mkubwa wa mviringo uliozungukwa na ua wa matete na nyumba ndogo ndogo, ambazo zilikuwa za wake wa Makabaka na wanawake wa koo zilizopewa kazi ya kutunza mahali hapo. Mbele yako husimama nyumba yenyewe, Muzibu Azaala Mpanga, ambayo nyasi zake huteremka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Upana wake ni mita thelathini na moja hivi. Askari aliyewahi kujenga kibanda cha nyasi porini, akadhani anajua kazi hiyo, atasimama hapo kwa kitambo.

Ndani, dari imepangwa kwa pete za matete, nazo pete hizo ni 52, zikiwakilisha koo za Buganda. Nguzo zimevikwa nguo ya gome la mti, yaani lubugo, na pazia kubwa la lubugo hukata nyumba katikati. Nyuma ya pazia hilo ni Kibira, maana yake msitu, na humo ndimo walimo wafalme. Kwa desturi ya Waganda haisemwi kwamba Kabaka amekufa. Husemwa kwamba moto umezimika, na kwamba yeye mwenyewe ameingia msituni. Mgeni haendi msituni. Huketi juu ya mikeka upande huu wa pazia, akasikiliza.

Lubugo inastahili maneno mawili zaidi, hasa kwa akina mama wapendao kazi za mikono. Hutengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, aina ya mkuyu. Gome huchunwa, hulainishwa kwa moto na maji, kisha hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo hadi likatandazika kama nguo, lenye rangi ya udongo mwekundu. Mti haufi, hufungwa majani ya mgomba palipochunwa, ukaota gome jingine. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni lilitangaza ufundi huu mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Kabla ya pamba za Pwani kufika, watu wakubwa kwa wadogo walivaa nguo hiyo.

Na hapa niingize neno juu ya lugha tunayoandikia. Wengi hudhani Kiswahili kiliingia Buganda kwa mlango wa kambi, kikiwa kimevaa viatu vya jeshi. Sivyo. Kiliingia kwa mlango wa ikulu. Wafanyabiashara kutoka Unguja walifika Buganda katika miaka ya 1840, wakati wa Kabaka Suuna, na mwanawe Muteesa, yule aliyelala Kasubi, alizungumza Kiswahili na kujifunza kusoma maandishi ya Kiarabu. Kambi ilikuja baadaye, na askari wa utawala wa kikoloni, kisha askari wa tawala zilizofuata uhuru, wakakifanya Kiswahili kiwe lugha ambayo raia wengi wa Buganda waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Ndiyo maana hata sasa, ingawa Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili ya Uganda, mzee mmoja-mmoja hukunja uso akikisikia. Kwa hiyo nawashauri jamaa za askari: mfikapo langoni, salimuni kwanza kwa Kiganda. "Mwasuze mutya, ssebo," au "nnyabo" akiwa ni mama, halafu endeleeni kwa lugha yoyote mtakayoelewana. Wafundisheni watoto salamu hiyo njiani. Ni adabu, wala haipunguzi cheo cha mtu.

Kasubi iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Miaka tisa baadaye, usiku wa tarehe 16 Machi 2010, Muzibu Azaala Mpanga iliteketea kwa moto. Nyasi, matete, lubugo za miaka mingi, mikuki na ngao zilizopangwa mbele ya pazia, vyote vikaliwa. Makaburi yenyewe hayakuharibika. Siku iliyofuata Rais alikwenda kuona. Umati wenye uchungu ukataka kumzuia. Risasi zikapigwa, na watu wakapoteza maisha pale kilimani. Nayaandika haya kwa sababu jamaa itakayokwenda Kasubi na baba aliye askari yafaa iyajue kabla ya kufika, isije ikayapata kwa kushtukizwa.

Ujenzi upya ulichukua zaidi ya miaka kumi. Mahali hapo paliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2010, na pakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2023. Wengine waliudhika kwa kukawia huko, nami nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipoelewa jinsi kazi inavyogawanywa. Kuezeka ni haki ya watu wa ukoo wa Ngeye, na hakuna mkandarasi awezaye kuingia mahali pao kwa sababu tu ana ngazi ndefu na watu wengi. Vijana wa ukoo walipaswa kufundishwa na wazee waliobaki. Nyasi zilipaswa kuwa za namna yake. Ukimweleza mtoto jambo hili huku akiitazama nyumba, ataelewa maana ya ukoo kuliko kwa kukariri majina arobaini darasani; sisi tuliosomea ualimu tunajua jinsi majina yaliyokaririwa yanavyosahaulika siku ya pili ya mtihani.

Sasa tuvuke bonde twende Mengo.

Zamani Kabaka mpya hakuingia katika nyumba ya baba yake; alijenga ikulu yake, mara nyingi kwenye kilima kingine. Mwanga wa Pili, baada ya kumrithi Muteesa, aliichagua Mengo mwaka 1885. Kutoka hapo unaona kanisa kuu la Namirembe upande mmoja na kanisa kuu la Rubaga upande mwingine. Mwanga pia ndiye aliyeamuru kuchimbwa kwa ziwa liitwalo Ziwa la Kabaka, lililo karibu na ikulu, na husimuliwa kwamba alitaka mfereji wa kuliunganisha na Ziwa Viktoria ili awe na njia ya kuponyoka kwa mtumbwi siku ya hatari. Mfereji haukumalizika. Waingereza walimkamata mwaka 1899, wakampeleka Shelisheli.

Jumba la Twekobe linaloonekana leo lilijengwa mwaka 1922, katika enzi ya Daudi Chwa. Ni jumba la matofali, jeupe, lenye nguzo na roshani, na asiyejua angeweza kulidhania ofisi ya gavana. Wageni kwa kawaida hulitazama kwa nje. Kabaka wa sasa, Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, haishi hapo, ingawa sherehe za ufalme hufanywa uwanjani. Mbele ya lango kuu kuna kitu ambacho watoto hukipita bila ya kukiona wasipoonyeshwa: moto mdogo wa kuni, ambao hukokwa maadamu Kabaka yu hai. Atakapoingia msituni, moto huo huzimwa. Aliyeisikia lugha ya Kasubi ataielewa hapa.

Kutoka langoni barabara imenyooka kama rula, karibu maili moja, mpaka Bulange, jengo la baraza la Buganda liliko Lukiiko. Katikati ya barabara hiyo mna mzunguko wa magari, na mzunguko huo umepasuliwa kwa njia yenye malango: watu wote huzunguka, bali Kabaka hupita katikati. Wavulana hupenda sana jambo hili, sijui kwa nini.

Mpaka hapo Lubiri ni matembezi mepesi. Lakini hakuna awezaye kusimama katika uwanja ule bila ya kuulizwa na mtoto kwa nini ua mkubwa kiasi hicho umebaki mtupu, na majibu yake ni mazito.

Tarehe 24 Mei 1966, alfajiri, majeshi ya serikali yaliishambulia ikulu hii kwa amri ya Rais Milton Obote. Aliyeyaongoza alikuwa Kanali Idi Amin. Ugomvi kati ya serikali kuu na Buganda ulikuwa umekua kwa miezi kadhaa; Obote alikuwa ameivunja katiba ya uhuru, na siku nne kabla Lukiiko ilikuwa imeitaka serikali iondoke katika ardhi ya Buganda. Kabaka Muteesa wa Pili alikuwa ndani. Huyu alikuwa Rais wa kwanza wa Uganda huru, tangu mwaka 1963, na pia alikuwa na cheo cha kapteni katika kikosi cha walinzi wa kifalme wa Uingereza. Walinzi wake wachache walipigana kwa saa nyingi wakiwa na silaha haba. Mvua kubwa ikanyesha. Katika mvua hiyo Kabaka aliruka ukuta, akaumia mgongo, akapata teksi iliyokuwa ikipita, na baada ya safari ndefu akafika Burundi, kisha Uingereza. Hakurudi akiwa hai. Mwaka 1967 katiba mpya ilifuta falme zote.

Ikulu ikawa kambi ya jeshi. Watoto walizaliwa mle, nguo za askari zikaanikwa kwenye nyua za wafalme. Naamini miongoni mwa wasomaji wetu wako wazee waliolala Lubiri wakiwa vijana wa kazi.

Kisha Amin, baada ya kutwaa serikali kwa nguvu tarehe 25 Januari 1971, aliagiza mwili wa Muteesa urudishwe kutoka London, na mwaka huo huo ukazikwa Kasubi kwa heshima. Mtu yule yule aliyemfukuza ndiye aliyemleta. Wengine husema alifanya hivyo apate kupendwa na Waganda, na kwa muda alipendwa. Hapa ndipo makao haya mawili yanaposhikana: mfalme aliyetoroka kwa kuruka ukuta wa kilima kimoja amelala nyuma ya pazia la kilima cha pili, na aliyehusika na yote mawili alikuwa askari.

Na katika miaka hiyo ya Amin, kwenye mteremko wa Lubiri, ilichimbwa njia ndani ya kilima ikajengwa kwa zege, yenye vyumba upande mmoja. Husemwa kwamba ilikusudiwa kuwa ghala la silaha. Ikawa gereza. Watu walisongamanishwa mle gizani. Sakafu ya ujia ilijazwa maji yaliyotiwa umeme ili asitoke mtu. Wengi sana walikufa, na mahali hapo paliendelea kutumiwa baada ya Amin kuondoka mwaka 1979. Mgeni huongozwa mpaka hapo kwa miguu. Ndani ni baridi, na sauti ya mtu hurudi. Ukutani yapo maandishi ya makaa yaliyoachwa na waliofungwa.

Je, baba aliye askari au polisi awapeleke watoto wake mahali kama hapa?

Nimewasikia wanaosema hapana. Husema kwamba mtoto atamwogopa baba yake, au ataudharau unifomu anayoipiga pasi kila asubuhi. Hoja yao nayaheshimu makusudi yake, lakini siikubali. Mtoto huyo anasoma shule moja na watoto wa raia. Atayasikia ya Lubiri. Atayasikia kwa mwenzake ambaye babu yake hakurudi nyumbani, na atayasikia kwa hasira, wakati wa mapumziko, baba yake hayupo. Ni bora ayasikie kwa baba mwenyewe, amesimama kando yake. Akiuliza, "Baba, ni askari waliofanya haya?", jibu ni "Ndiyo." Jibu hilo lisifuatishwe upesi na maneno ya kujitetea. Likikaa kidogo, mtoto atauliza la pili, nalo ndilo lenye faida: "Wewe ukiamriwa utafanyaje?"

Kwa swali hili baba asitegemee ufasaha wake tu, kwa kuwa sheria imekwisha kumjibia. Katiba ya mwaka 1995 inakataza mateso, na inaweka katazo hilo miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Sheria ya kuzuia mateso ya mwaka 2012 ikaongeza kwamba amri ya mkubwa haiwi kinga mbele ya mahakama. Maana yake, koplo aliyeambiwa na afande wake kumtesa mfungwa, akamtesa, hushtakiwa yeye kwa jina lake. Sijui somo jingine la sheria linaloweza kufundishwa vizuri namna hii bila ya ubao wala chaki. Tena si la watoto peke yao.

Lakini umri una mambo yake. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili asiingizwe katika ujia ule. Giza lile atalichukua nyumbani, na mama ndiye atakayeamka naye usiku. Hapo ndipo uamuzi wangu unapoegemea. Jamaa yenye watoto wadogo, au yenye bibi aliyekuja kutoka kijijini, iende Kasubi. Bibi ataketi mkekani, atazungumza na wanawake wenzake walio pale, na watoto watahesabu pete za dari. Jamaa yenye vijana wa sekondari iende Lubiri, na baba awe pamoja nao. Asiwatume na mjomba. Na iwapo watoto ni wa rika mchanganyiko, kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi, kwangu mimi Kasubi itangulie mwaka huu na Lubiri ingoje mwaka ujao. Mtu hawezi kujua ni kitu gani kilichovunjwa mwaka 1966 kama hajapata kuona kilivyokuwa kinajengwa. Aliyeanza na mashimo ya Amin ataiona Buganda kama hadithi ya maafa peke yake, na hilo si kweli wala si haki.

Wapo askari wasio na watoto, au ambao watoto wao wako mbali, Arua au Kitgum au Mbale. Hao waende Lubiri, tena waende wawili wawili.

Mavazi yasichukuliwe kwa wepesi. Baba asivae sare wala kofia ya kikosi. Anakwenda kama mzazi. Kasubi mama avae gomesi au sketi ndefu, na achukue leso mbili, moja yake na moja ya binti aliyevaa suruali, kwa kuwa mwanamke hakaribii nyumba ile akiwa na suruali tupu. Viatu huvuliwa mlangoni. Basi ziangalieni soksi za watoto usiku uliotangulia, maana soksi yenye tundu huaibisha nyumba nzima. Ndani wanawake huketi kwa kukunja miguu upande mmoja, na mtu hanyooshi miguu kuelekea pazia. Lubiri hakuna masharti hayo, lakini kuna kutembea juani na mteremko wenye utelezi baada ya mvua. Viatu vya raba vyafaa, na tochi ndogo ni ya msaada.

Chakula kitoke nyumbani. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, maandazi, na karanga za kukaanga zilizofungwa katika karatasi havichachi upesi na havimwagiki ndani ya teksi. Matoke ni chakula kizuri, lakini si cha safari. Yakipoa huwa mazito, na mtoto akila nusu hutupa nusu. Maji yachemshwe jioni, yapoe, yatiwe katika chupa, moja kwa kila mtu. Mle kabla ya kuingia Kasubi au baada ya kutoka, si ndani ya uwanja ule, kwani ni makaburi ya watu. Mengo mnaweza kuketi karibu na Ziwa la Kabaka, lakini mmoja awaangalie wadogo wasisogelee maji.

Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa sababu kiingilio cha mwananchi na cha mgeni wa nje si kimoja, na mwulize bei langoni kabla ya kumfuata kiongozi yeyote. Atakayewakuta njiani akidai kuwa yeye ndiye kiongozi, mwambieni asante. Ulizeni pia kama siku hiyo ina sherehe, kwani siku za sherehe za Kabaka Lubiri hujaa umati na hakuna wa kuwatembeza, na ulizeni ni sehemu zipi za Kasubi zilizo wazi kwa wageni. Likizo ya Mei huangukia masika, na kilima cha Kasubi katika matope ni taabu kwa bibi mwenye fimbo. Agosti ni afadhali.

Ondokeni asubuhi. Saa tatu mkiwa langoni, kiongozi bado ana sauti na jua bado ni dogo. Wanaokaa Nsambya au Makindye watafika Mengo kwa muda mfupi. Wanaotoka Bombo wahesabu kupoteza saa nzima katika msongamano wa kuingia mjini, na saa nyingine wakati wa kurudi wakipitiwa na saa kumi na moja bado wako kilimani. Mtoto mdogo kabisa abebwe mgongoni na baba wakati wa kushuka. Mama amekwisha kumbeba tangu asubuhi.